Hodi kwanza: kuwakutanisha watu wawili kwa barua pepe

Swali (msomaji, Dar es Salaam):

Shikamoo mama. Mimi ni mhasibu, nina miaka 29. Binamu yangu anasindika asali Tabora na anatafuta mnunuzi wa nje. Nikamkumbuka bosi wangu wa kwanza, mama mtu mzima aliyehamia Muscat, Oman, kwa ndugu zake, sasa ana duka la vyakula huko. Nikaandika barua pepe moja, nikawaweka wote wawili: "Habari zenu! Bi S., huyu ni R., ana asali nzuri sana. R., huyu ni Bi S., ana duka Muscat. Namba zenu za simu nimeziweka hapo chini. Nadhani mna mengi ya kuongea, nawaachia uwanja!" Kesho yake Bi S. akanipigia, akaulizia habari za nyumbani, kisha akaniambia kwa upole: "Mwanangu, siku nyingine unitaarifu kwanza." Binamu naye hakujibu mpaka siku ya tisa. Nimeona haya sana. Nilikosea wapi, na sasa nifanyeje?

Jibu:

Marahaba. Hayo uliyoona ni mzigo wa watu wawili, na sehemu ya binamu yako tutaifikia. Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta neno la kuudhi, sikuliona. Kosa lilitokea kabla hujagusa kibodi: ulimwingiza mgeni sebuleni kwa Bi S. bila kupiga hodi.

Mtu akifika mlangoni kwa watu hupiga hodi. Akiitikiwa karibu, anaingia. Akipiga mara tatu kukawa kimya, anageuza njia, na hapo hakuna aliyemkosea mwenzake. Pengine mwenye nyumba amelala, pengine yupo macho na leo hataki mgeni. Hodi inamruhusu anyamaze bila kuonekana mkorofi. Bi S. hakuipata nafasi hiyo. Alipofungua barua alimkuta R. ameshakaa kitini, jina lake analo, namba yake ya simu anayo, na wewe umesimama pembeni unatazama. Akiandika "sihitaji asali", anamfukuza ndugu yako mbele ya macho yako. Akinyamaza, ataambiwa ana dharau. Akikubali, amekubali kwa kuona haya, na biashara ya kuonea haya haifiki mbali. Ndiyo maana alipiga simu badala ya kujibu. Watu wa rika lake hawamkanyi mtu kwenye maandishi yanayosomwa na mtu wa tatu. Na alianza na habari za nyumbani! Huyo mama usimpoteze.

Kazi uliyojipa ni ya mshenga, na mshenga haendi kwa wazazi wa binti akiwa amemshika bwana harusi mkono. Hupeleka barua ya posa, akarudi, akasubiri. Majibu yakiwa mabaya anayajua yeye na waliomtuma. Kijana hakusimama uani mwa watu akisikia anakataliwa.

Kwa hiyo ruhusa unaiomba pande zote mbili, kila mmoja peke yake, na barua ya pamoja inakuja mwisho. Nimekuwa katibu muhtasi kwa miaka 27, nikaanzia kwenye mashine ya chapa na karatasi za kaboni, na hili ndilo jambo ninalowafundisha vijana wa ofisini kabla ya jingine lolote. Wengi wanadhani linawachelewesha. Linachukua siku mbili tatu.

Anza na R., hata kama yeye ndiye mwenye shida. Jina la Bi S. usimtajie bado. Mwambie akuandikie mistari minne mitano kuhusu shughuli yake, kwa namna ambayo ukiipeleka kwa mgeni haitakuaibisha: anasindika wapi, ana mzigo kiasi gani, amefungasha vipi, anatafuta nini hasa. "Nina asali nzuri" haitoshi, kila muuza asali anasema hivyo. "Nina ndoo 40 za lita 20, imechujwa, imetoka misitu ya miombo Sikonge, natafuta duka moja la kuanza nalo kwa ndoo 10" inatosha. Ndoo ya lita 20 ikiwa ya asali ina uzito wa kilo 28 hivi, maana asali ni nzito kuliko maji. Mfanyabiashara atapiga hesabu ya usafiri mwenyewe hapohapo. Mistari hiyo ina faida nyingine ambayo sikutarajia nilipoanza kuiomba: asiyeweza kuiandika hayuko tayari kukutanishwa na mtu. Nimewahi kuomba mistari minne kwa kijana mmoja nikaisubiri wiki sita. Haikuja, na hivyo nikanusurika.

Ukishaipata, ndipo umwandikie Bi S. peke yake. Mimi ningeandika hivi:

"Assalaam aleikum Bi S., shikamoo. Natumaini nyumbani wote wazima. Nina binamu yangu, mtoto wa mjomba, anasindika asali ya miombo huko Sikonge, Tabora, na anatafuta duka moja la nje la kuanza nalo, ndoo 10 za majaribio. Maelezo yake nimeyaweka chini. Nimekukumbuka kwa ajili ya duka, ila sijui kama asali ni bidhaa unayoitafuta. Asali yake naila nyumbani kwangu mwaka wa pili huu na nimefika anaposindikia. Kusafirisha nje hajawahi. Naomba kukuuliza kama niwakutanishe kwa barua pepe. Kama haikufai au una mambo mengi, hakuna neno kabisa. Jina lako sijamtajia. Mwanao."

Yaangalie maneno matatu ya mwisho kabla ya "Mwanao". Bila "jina lako sijamtajia", yale ya "hakuna neno" ni mapambo tu, maana atajua kuna mtu Tabora anasubiri kwa hamu na ameshaambiwa nani wa kumsubiri. Ukiyaweka, anaweza kukataa na R. asijue kamwe kwamba aliwahi kuulizwa. Lakini liwe kweli. Ukiwa umeshamtajia, usiseme uongo, sema umemtajia na uombe radhi.

Na umeona nimetaja undugu mapema. Sitaki Bi S. agundue mwezi wa pili, kwenye ankara, kwamba R. ni wa kwenu. Mtu anayeficha undugu kwenye utambulisho anaonekana alikuwa anampigia debe wake. Ukiutaja, hausumbui mtu. Sote tuna binamu.

Hapo kuna jambo linalowachanganya hata watu wazima: kumtambulisha mtu na kumdhamini ni vitu viwili. Ulipoandika "ana asali nzuri sana" ulimdhamini. Mzigo ukifika Muscat umechacha, Bi S. hatamkumbuka R., atakukumbuka wewe. Kwa hiyo sema ulichokiona kwa macho yako, na ulichokisikia useme umekisikia. "Asali yake naila nyumbani", sawa. "Ni mwaminifu sana katika biashara", umejuaje, umewahi kufanya naye biashara? Sifa kubwakubwa hizi, nguli, mbobezi, namba moja Tabora, zinamchosha msomaji na zinamwekea R. kilima ambacho hakukiomba.

Bi S. akikaa kimya, ngoja wiki moja, mkumbushe mara moja kwa mstari mmoja, kisha uache. Ni hodi ileile. Akikataa, mshukuru, na R. mwambie "niliyemfikiria hana nafasi kwa sasa". Usimtaje, usieleze sababu zake, usimpelekee barua yake R. ili naye ajionee.

Na hapa niseme la kwangu. Miaka kumi na kitu iliyopita niliombwa kumkutanisha mkuu wangu na mzee mmoja mwenye karakana ya samani. Nikampelekea yule mzee barua za mkuu wangu kwa kubofya "sambaza", nikaongeza salamu nzuri juu. Huko chini kabisa, kwenye barua ya nne kurudi nyuma, mkuu alikuwa ameniandikia: "Huyu mzee msumbufu kidogo, ila kazi yake safi." Mzee aliisoma yote mpaka chini. Alikuja ofisini, akakaa, akanywa chai, na alipoaga akasema, "Basi msumbufu nakwenda." Mkuu alicheka. Mimi usiku ule sikulala. Tangu siku hiyo sisambazi mlolongo wa barua kwa mtu mpya. Naandika upya, na kinachotakiwa nakinakili peke yake.

Sasa tuseme Bi S. amekubali na R. amekubali. Barua ya pamoja inakuwa fupi kwa sababu kila mtu ameshajua anakutana na nani. Kwenye mada weka kitu atakachokipata akikitafuta baada ya miezi mitatu: "Utambulisho: Bi S. (duka, Muscat) na R. (asali, Tabora)". Ukipenda kuanza na "Yah:" kama barua za kiserikali, hukatazwi, ila kwa mama aliyekulea kikazi inasikika kama imetoka masjala. Wote wawili wakae kwenye "Kwa". Ukimweka mmoja kwenye Cc umemwambia kwamba yeye ni wa kupewa taarifa tu. Cc ndiyo ile nakala yetu ya kaboni, karatasi ya pili iliyokwenda kwenye faili.

"Assalaam aleikum Bi S., shikamoo. R., habari za kazi.

Bi S., kama tulivyozungumza, huyu ndiye R., binamu yangu, anayesindika asali Sikonge. R., Bi S. alikuwa bosi wangu wa kwanza na ndiye aliyenifundisha kufunga hesabu za mwezi. Sasa ana duka la vyakula Muscat na amekubali kusikia habari za asali yako.

R., tafadhali mwandikie Bi S. kabla ya Jumatano bei ya ndoo na lini ndoo 10 zinaweza kuwa tayari. Mengine mtaelewana wenyewe, mimi naishia hapa."

Salamu zimegawanywa. "Habari zenu!" yako ilimweka bosi wako na binamu yako kwenye mkeka mmoja, na mtu aliyezoea shikamoo yako anaisikia inapokosekana, hata asiposema. Mkubwa anasalimiwa kwanza na kwa salamu yake, mdogo anafuata. Vivyo hivyo katika kutajwa: mdogo ndiye anayepelekwa kwa mkubwa. Utaniuliza, je, mdogo akiwa ndiye mwenye cheo? Ofisini cheo kinatangulia, na nimewahi kumtambulisha mzee wa miaka 60 kwa mkurugenzi wa miaka 35. Ila shikamoo ya mzee haikuhamia kwa mkurugenzi. Angekuwa mtu wa Nairobi ningeiacha shikamoo na kuandika "hujambo" au "habari yako", kwa kuwa huko wengi hawaizoei, na ukiwaamkia wanajiuliza umewaona wazee kiasi gani.

Majina ya heshima usiyabahatishe. Kama hujui mtu ni Dkt. au la, tazama anavyosaini barua zake mwenyewe. Bi na Bw. zinatosha pale usipojua, na "Mama Fulani" la nyumbani libaki nyumbani mpaka mwenyewe alitumie.

Maneno yako ya "mna mengi ya kuongea, nawaachia uwanja" ndiyo yaliyomponza R. kwa siku tisa, na hapa nitamtetea kidogo. Jiweke mahali pake. Kijana ametambulishwa kwa mama mtu mzima aliye Muscat. Kwa malezi yetu mdogo hamrukii mkubwa kwa mazungumzo, husubiri asemeshwe. Bi S. naye anasubiri mwenye shida aeleze shida yake. Kila mmoja anamwachia mwenzake, kwa adabu kabisa, na siku zinakwenda. Aliyewakutanisha ndiye anayetakiwa kusema nani aanze, aseme nini, kabla ya siku gani. Ukimwagiza R. mbele ya Bi S., umempa ruhusa ya kutangulia kusema.

Hayo yote hayamsafishi. Hata asiyejua aanzeje angeweza kukuuliza wewe. Mwenye kuomba hujibu ndani ya siku moja, hata kwa mistari miwili: ahsante kwa kunipokea, bei ninaitafuta, Jumanne utaipata. Ukimya wa siku tisa ulikula jina lako, siyo lake.

Mfundishe pia hili, maana kwa wengi bado ni geni. Anapojibu mara ya kwanza, akuondoe kwenye "Kwa" akuweke kwenye Bcc, yaani nakala ya siri ambayo wengine hawaioni, na mstari wa kwanza aseme: "Namshukuru dada kwa kutukutanisha, nimemweka pembeni ili tusimjazie barua." Kwa njia hiyo wewe utaona kwamba ameshajibu, na Bi S. akibofya "jibu wote" barua yake haitakufikia tena. Hutakaa mwezi mzima ukisoma habari za mifuniko ya ndoo. Wewe nawe, ukiwa huko kwenye Bcc, usibofye "jibu wote" kusema "karibuni". Nimeona watu wakijifichua hivyo, na Bi S. atabaki anajiuliza nani mwingine yuko nyuma ya pazia.

Siku na saa. Uliituma lini? Hukusema, nami naogopa ilikuwa Alhamisi jioni. Oman mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi tangu mwaka 2013, kwa hiyo barua ya Alhamisi jioni inalala mpaka Jumapili, na Jumapili wewe na R. mnapumzika. Siku mnazofanya kazi wote ni Jumatatu mpaka Alhamisi. Saa zao ziko mbele yetu kwa saa moja. Na mkipanga kupigiana simu mwandike kwa namna isiyo na mashaka: "saa 4 asubuhi ya Dar (10:00), ambayo ni saa 5 Muscat (11:00)". Bi S. anajua kuhesabu saa kwa Kiswahili, lakini kijana wake wa dukani anaweza kuisoma hiyo 4 kama saa kumi, akaamka alfajiri au akangoja mpaka jioni.

Namba za simu. Hili ndilo ningekukaripia kama ungekuwa ofisini kwangu. Namba ya mtu si yako kuigawa, hata kama anayeipewa ni ndugu wa damu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na Kenya walitangulia na yao mwaka 2019. Sisemi utafungwa kwa ajili ya asali. Nasema hata serikali zimefika mahali pa kutambua kwamba namba ya mtu ni mali yake. Kwa mama mtu mzima kuna uzito zaidi: barua pepe anaifungua akipenda, simu inamfuata mpaka jikoni. Wakishaandikiana na kuaminiana, atampa R. namba mwenyewe.

Kuna nyakati hodi haihitajiki. Watu wa ofisi moja, waunganishe tu. Aliyekwishakuambia "ukipata fundi wa friji niletee hata usiku", mletee. Na mtu ambaye kazi yake ni kupokea wageni, afisa masoko kwa mfano, hatashtuka, ingawa mstari wa kumtaarifu haugharimu kitu.

Ya sasa. Kwa Bi S. usiandike barua ndefu ya radhi, utamlazimisha akufariji. Kwa kuwa alikupigia, nawe mpigie. Mwambie: "Shikamoo Bi S. Ile barua nilipaswa kukutaarifu kwanza, nisamehe, na namba yako sikutakiwa kuitoa." Usimuulize habari za asali. Akizigusa mwenyewe, vizuri, asipozigusa, umeshajibiwa.

R. mwite mzungumze. Ukiwa naye aifute namba ya Bi S., kisha aandike kwenye ileile barua, bila visingizio vya mtandao: "Assalaam aleikum Bi S., shikamoo. Nilipaswa kukuandikia siku ileile, naomba radhi. Sitakusumbua kwa simu. Kama siku moja utahitaji asali, maelezo ya mzigo wangu ni haya." Halafu ile mistari yake minne, na jina. Aitume Jumapili asubuhi, ndiyo kwanza wiki yao inaanza, na kuanzia hapo asiandike tena mpaka aandikiwe.